Shamba la Mama wa Nabii

Mbadilisha fedha wa tatu alikuwa na uhakika kuliko wawili waliomtangulia.

"Afande, nimemwona kwa macho haya mawili. Sweta la kijani, kofia nyeusi ya sufu, kichwa kakiinamisha hivi. Kapanda boda, huyoo, akavuka Burundi. Jana hiyo."

Inspekta Adelfina Nshoma hakuandika kitu. Alikuwa akitazama nyuma ya bega la yule bwana, ng'ambo ya barabara, ambako mabasi ya Kabanga yalisubiri abiria. Mwanamume mwenye sweta la kijani na kofia nyeusi ya sufu alikuwa akinunua maandazi. Mwingine aliyevaa vivyo hivyo alikalia gunia la mihogo akipiga miayo.

"Kama yule?"

Mbadilisha fedha akageuka. "Eeh, kama... Hapana. Huyo namjua, anauza nyanya." Akajikuna shingo. "Basi labda sikumwona vizuri."

Hiyo ndiyo ilikuwa taabu ya kumtafuta Nabii Ciza. Tangu aanze kuvaa sweta la kijani kule Keza, wafuasi wake nao walilivaa, wanaume kwa wanawake, hata wauza mitumba wa Kabanga wakaishiwa rangi hiyo. Ukimuulizia, kila mtu kamwona. Ameonekana mnadani, ameonekana Murusagamba, ameonekana akivuka mpaka. Tangu jana Adelfina aliamini kwamba mtu wake yuko Burundi, na alishaanza kupanga namna ya kuwaomba msaada wenzao wa upande wa pili. Sasa alijikasirikia kwa kupoteza siku nzima.

"Hajavuka," alimwambia Konstebo Aron, dereva wake, walipoingia garini. "Yamevuka masweta."

Aron hakucheka. Aliwasha gari, wakashika njia ya Keza.

Siku moja ilikuwa kitu kikubwa kwa sababu ya mtoto. Anjelika, binti wa miaka sita, alikuwa na homa iliyomletea degedege, na muuguzi wa zahanati alisema damu imempungukia mno, apelekwe hospitali upesi akaongezewe. Baba yake, Minani, alikimbia kutafuta pikipiki. Aliporudi hakumkuta mtoto wala mke. Mkewe, Josiane, alikuwa amembeba na kumpandisha kilimani kwa Nabii, kwa sababu Nabii alishasema kwamba aliye wa kilima asichomwe sindano mpaka yeye atoke kwenye mfungo na kumwekea mkono.

Na Nabii hakutoka. Aliingia mfungoni kabla ya mvua za kwanza, kwenye kibanda chake cha juu, na tangu hapo maneno yake yalikuwa yakitolewa nje na msaidizi wake, Mtumishi Ndayisenga.

Polisi walikwenda mara moja. Watu walikaa chini njia nzima wakiimba, wala hakuna aliyerusha jiwe. Mpaka askari wapenye, Anjelika alikuwa ameshahamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, ndani ya migomba isiyo na mwisho, na walipogonga kibanda cha Nabii hakuna aliyeitika, basi ikasemekana kashuka kwa siri. Mkuu wa polisi wa wilaya alikataa waende tena kwa nguvu. Mama anayemficha mtoto kwa imani, alisema, ukimtisha mara ya pili atavuka naye mpaka, na mtoto atafia porini. "Mtafute huyo Ciza," alimwambia Adelfina. "Neno lake moja litamshusha mtoto kuliko gari zangu zote."

Ilimuuma Adelfina kwamba hilo lilikuwa kweli.

*

Frednand, mtendaji wa kijiji, aliwapokea ofisini kwake na kuwafutia viti vumbi kwa kiganja.

"Mimi hapa nina muhuri," alisema kabla hajaulizwa. "Nina bendera. Nikiitisha mkutano wa maendeleo wanakuja wazee watano na mbuzi. Yeye akikohoa tu, kilima kinajaa."

"Alikuwa nani kabla ya hapo?"

"Fundi baiskeli. Mpole. Hata kanisani alikuwa akikaa nyuma."

"Sasa ilikuwaje?"

Frednand akakaa. Ilionekana hakuwa akipenda kusimulia habari hiyo, na pia kwamba alikuwa ameisimulia mara nyingi.

"Kulikuwa na ugomvi wa kisima. Wenyeji huku, wale waliotoka Burundi zamani kule. Mapanga yameshatoka, Afande. Mimi nimesimama pembeni na muhuri wangu. Ciza akaja na baiskeli ya mtu. Akatandika gunia katikati yao, akakaa, akatoa tyubu, akaanza kuziba pancha. Hakusema neno. Akipaka solusheni, anapuliza, anapaka. Watu wakabaki wanamtazama. Alipomaliza akainua macho, akamtaja mmoja mmoja kwa jina, akasema, kaeni. Wakakaa."

"Na wewe?"

"Na mimi nilikaa," Frednand alisema. "Mpaka leo sijui kwa nini."

Adelfina alikuwa amewahi kuhoji wezi, wauaji na waganga, na wote walikuwa na kitu cha kushika: bunduki, deni, hirizi. Huyu hakuwa na kitu. Alikuwa na watu walioamini kwamba anawaona. Mamlaka ya namna hiyo huwezi kuyanyang'anya, kwa sababu hayako mikononi mwa mwenyewe. Wameyashika wale wanaomfuata.

"Kibandani anaingia nani?"

"Ndayisenga peke yake. Anaingiza chakula, sahani zinatoka tupu."

"Ana ndugu?"

"Ana mama tu, Bibi Felisita, na yeye ndiye mtoto wake wa pekee. Mkatoliki hasa, hakutaka kuhamia kilimani. Anakaa hapo chini, jirani na Minani. Mwanawe alikuwa akishuka kumsalimu kila Jumapili."

"Anaendelea kushuka?"

Frednand akafikiri. "Sasa si yuko mfungoni?"

*

Minani aliwangoja njiani. Macho yake yalikuwa mekundu na shati limefungwa vifungo upande. Hakuuliza kama wamempata Nabii. Aliwatazama nyuso, akajua, akageuka kuwaongoza.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na Keza yote ilikuwa shambani. Kila mteremko ulikuwa na migongo iliyoinama, na majembe yalisikika huku na huku, chwa, chwa, wanawake wakifuata nyuma na vikapu kudondosha maharage. Msimu kama huo hata mgonjwa hutoka nje akapanda mstari mmoja, kwa sababu mvua ikikupita, imekupita.

Shamba moja tu lilikuwa limesimama. Majani yalifika magotini.

"La nani lile?"

"La Bibi Felisita," Minani akajibu.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Mgongo anasema. Mimi nilikwenda kumlimia, Afande, nikamwambia mama, nipe mbegu nikumalizie asubuhi moja. Alinifukuza kwa fimbo." Akatikisa kichwa. "Mimi! Kila mwaka namlimia kipande cha chini."

"Mbegu anazo?"

"Anazo, kikapu kizima. Nilikiona."

Adelfina akasimama. Aron, aliyekuwa nyuma, nusura amgonge.

Bibi Felisita alikuwa akitoka kisimani. Alikuwa na dumu kubwa la maji kichwani, na alilitua mlangoni bila kusaidiwa, akainama na kunyooka kama msichana. Rozari ilining'inia shingoni. Alipoona sare hakushtuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kiti kiko ndani."

Adelfina hakuingia. Alisimama mlangoni akatazama ndani polepole, kila kitu kwa zamu yake: mafiga, kikapu cha maharage ya mbegu kilichofunikwa kwa jani la mgomba, kitanda. Kisha akatazama juu. Jembe lilikuwa limechomekwa kwenye dari, kati ya fito na nyasi, makali yakielekea ukutani. Utando wa buibui ulikuwa umeanza kuzunguka mpini.

"Mama, mgongo unauma?"

"Unauma."

"Lakini dumu umelibeba."

Bibi akalisogeza dumu ukutani.

"Mimi ni Msubi, mama, nimezaliwa Biharamulo," Adelfina alisema. Sauti yake ilishuka bila yeye kutaka. "Baba yangu alipofariki, majembe ya nyumbani yalichomekwa darini hivyo hivyo, mpaka matanga yalipoanuliwa. Ilikuwa msimu wa mvua. Tulikaa tukitazama majani yanaota. Jirani mmoja asiyejua akaja na jembe lake kutusaidia, na bibi yangu akamtimua kwa fimbo."

Minani, nyuma yake, alivuta pumzi na kuishikilia.

"Watu wote wa Keza wako shambani leo, mama. Nimewaona. Hawana msiba. Mwenye msiba ni wewe peke yako, na ni msiba usioweza kuutaja. Una mtoto mmoja tu."

Mama yule aliifuta mikono yake kwenye kanga. Kisha akashika mwimo wa mlango, akaanza kushuka. Adelfina alimdaka, wakakaa chini pamoja kizingitini.

"Mtumishi aliniapisha," Bibi alisema, lafudhi ya kwao ikigeuza l kuwa r hapa na pale. "Kwa rozari hii. Akasema nikinyamaza, atafufuka. Nirinyamaza. Kila asubuhi natazama kule juu. Nasema, kama atarudi, basi mimi sina msiba, nirime. Nashika jembe." Akaitazama mikono yake. "Mikono inakataa. Mtu harimi mtoto wake akiwa amekufa. Siwezi kurima, mwanangu."

Alilia bila sauti, kwa mazoea ya mtu aliyejifunza kulia hivyo.

Adelfina alingoja. Kila dakika aliyongoja ilikuwa ya Anjelika, na alijua, lakini ushahidi ukiukimbiza unavunjika.

"Alikufaje, mama?"

"Homa. Na kutapika damu. Ndayisenga alinituma mtu, nikapanda. Alikuwa amelala mkekani. Alinishika hapa." Akashika kanga yake kifuani. "Akasema, mama, nipelekeni hospitali. Alisema tena na tena. Ingobyi ilikuwa imeegemea ukuta pale pale, ile machela wanayobebea wagonjwa. Nirisema, inueni basi! Ndayisenga akasema haiwezekani. Watu wote wako nje. Wakimwona anabebwa kwenda kwenye sindano, kilima kimekwisha. Akasema si Baba anayesema, ndivyo wanavyomwita mwanangu, ni shetani anatumia kinywa chake."

"Wewe ulimsikia nani?"

"Nirimsikia mwanangu." Sauti ilitoka kwa hasira safari hii. "Alikuwa anaogopa kufa, kama mtu. Wakafunga mlango. Alifia hapo, wakamzika humo humo kibandani, chini ya mkeka. Mimi nirimwosha. Jeneza hakuwa nalo, padri hakuitwa. Na sahani zinazotoka tupu, chakula anakula Ndayisenga."

Aron akasogea. "Afande, hiyo inatosha. Tunamkamata sasa hivi."

"Tunamkamata kwa kosa gani mbele ya watu mia tatu wanaosema Baba yuko hai? Wataona polisi wamemchukua msemaji wa Nabii. Mtoto atahamishwa tena." Adelfina akamgeukia Bibi. Hakupenda kumwomba jambo hilo mwanamke ambaye amekwisha beba kiasi kile. "Mama, kuna mtoto wa huyu Minani kule juu. Anangoja mkono wa mwanao."

Bibi Felisita akamgeukia Minani.

"Anjelika?" akauliza. "Yule wa kuniletea moto?"

Minani akaitikia kwa kichwa.

Bibi akainuka, akajifunga kanga kiunoni kwa nguvu, kifundo mbele, kama wanavyojifunga wafiwa. Jembe aliliacha pale pale darini.

*

Kilimani walikuwa shambani pia. Shamba la jumuiya lilizunguka kibanda cha Nabii, na masweta ya kijani yalilima kwa mstari mmoja mrefu. Walipomwona mama wa Baba akipanda, na kifundo kile kiunoni, wimbo ulipungua, kisha ukafa.

Ndayisenga alikuja kuwapokea. Alikuwa mrefu, mwenye sauti laini na viatu safi.

"Mama, Baba yuko mfungoni. Ungetuma mtu. Na hawa wa sare, Baba amesema—"

"Josiane yuko wapi?" Bibi aliuliza, akimpita.

Adelfina alibaki nyuma kwa makusudi. Sare yake haikuwa na kazi pale. Akamwashiria Aron asimame karibu na mlango wa kibanda, basi.

Mwanamke mwembamba alijitokeza kwenye mstari, jembe mkononi. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kukosa usingizi.

"Mimi hapa, mama."

"Josiane. Mwanangu amekufa."

Hakupaza sauti, lakini hakuna aliyekosa kusikia.

"Mama anajaribiwa," Ndayisenga alisema haraka. "Ni maneno ya polisi. Wamemtisha. Leo asubuhi Baba ameniambia—"

"Amekufa kabla ya mvua," Bibi akaendelea, kana kwamba hakuna aliyesema. "Nimemwosha kwa mikono hii. Amezikwa mle. Nyinyi wote mnapita nyumbani kwangu kwenda kisimani. Shamba langu mmeliona."

Adelfina aliona lile neno likiwaingia. Halikuwa neno la imani, lilikuwa la shamba, na wote pale walikuwa watu wa shamba. Vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine kutazama chini ya mteremko, pale palipoota majani katikati ya ardhi nyekundu iliyolimwa. Walikuwa wamelipita kila siku. Kila mmoja alijua maana yake, na kila mmoja alikuwa ameambiwa Baba yuko hai, basi akaamua hakuona. Mzee mmoja akavua kofia yake nyeusi ya sufu.

"Mana yanje, Mungu wangu," Josiane akanong'ona. "Lakini alisema tungoje. Alisema mkono wake—"

"Alisema. Na mwisho alisema neno jingine, hamkuletewa." Bibi akamshika mabega. "Alisema, nipelekeni hospitali. Alinishika kanga akaniomba mimi, na mimi sikuweza kumbeba, na waliokuwa na nguvu walikataa. Hilo ndilo neno lake la mwisho. Wewe ulimtii siku zote. Mtii na leo."

Josiane akaangusha jembe na kukimbia, si kwenda njiani bali kuingia migombani, na Minani akamfuata akiita jina la mtoto. Kwa kitambo kirefu hakuna aliyejua kama anakwenda kumleta au kumficha mbali zaidi.

Walirudi wawili. Anjelika alikuwa mgongoni mwa mama yake, kichwa kimelegea, midomo myeupe. Adelfina akaweka vidole shingoni mwa mtoto. Alikuwa wa moto sana, na mshipa ulikuwa ukipiga, mwembamba, wa haraka.

"Njia ina utelezi," Aron alisema. "Gari liko mbali. Akitikiswa hivyo mgongoni..."

Yule mzee aliyevua kofia aliingia kibandani bila kumwomba mtu ruhusa, akampita Ndayisenga bega kwa bega. Alitoka na ingobyi. Wanaume wanne waliitwaa mabegani, Josiane akamlaza mtoto ndani yake na kumfunika kwa sweta lake la kijani, na wakaanza kushuka kwa mwendo ule wa kukimbia bila kurusha mzigo, ambao watu wa huko wamejifunza tangu utotoni. Minani alishika ukingo. Aron aliwatangulia kwenda kuwasha gari.

Adelfina alibaki. Kulikuwa na kibanda cha kulinda, kaburi la kufukuliwa kwa amri ya mahakama, na mtu wa kukamatwa.

"Unajua ulichofanya?" Ndayisenga alimwuliza. Sauti haikuwa laini tena. Machozi yalikuwa yakimtoka, na Adelfina alishangaa kuona kwamba ni ya kweli. "Hawa walikuwa wanachinjana kwa ajili ya maji. Yeye ndiye aliyewakalisha. Bila yeye watarudi kwenye mapanga. Mimi sina sura ile. Nikiongea kwa jina langu nani atanisikiliza?"

"Ndiyo maana ulimfungia mlango?"

Nyuma ya Ndayisenga, chwa ya mwisho ilisikika, na ikanyamaza. Watu walikuwa wakilaza majembe chini. Hakuna aliyetoa amri. Mmoja alilaza lake, na jirani yake akalaza, na wakakaa palepale kwenye udongo mbichi, wenyeji na waliotoka Burundi wamechanganyika, wakimzunguka Bibi Felisita, ambaye sasa alikuwa akilia kwa sauti. Kwenye miteremko ya mbali pia kilio kilikuwa kimesikika. Huko nako migongo ilinyooka.

"Inukeni!" Ndayisenga akapaza sauti. "Baba amesema tulime! Mvua haingoji!"

Akaliokota jembe la Josiane akaanza kulima. Alilima kwa nguvu, matope yakirukia viatu vyake, akiwaita kwa majina jinsi Ciza alivyokuwa akiwaita. Keza yote ilikuwa kimya, na jembe lake lilisikika peke yake kilima kizima. Walimtazama. Hakuna hata mmoja ambaye sasa hakujua.

Alifika mwisho wa tuta akiwa anahema, akainua kichwa na kutazama nyuma yake.

Adelfina akamwendea, pingu zikiwa bado mfukoni.

"Mtumishi," alimwambia, "weka jembe chini. Kuna msiba."

Ndayisenga akaliweka.